EMDR inapunguza maumivu, haifukui ukweli uliozikwa

Wengi wanaamini ile tiba ya EMDR, unafuata kidole cha mtaalamu kwa macho kulia kushoto huku unawaza tukio lililokuumiza, inafukua kumbukumbu zilizozikwa na kinachotoka lazima kiwe kweli. Naelewa kwa nini, maana watu wengi wanapata nafuu kabisa.

Ila kupata nafuu na kukumbuka sawasawa ni vitu viwili tofauti jamani. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba akili ikibeba kazi mbili kwa pamoja, kukumbuka na kufuata kidole, picha inafifia, haichomi kama mwanzo, na ikififia hata vile vitu vidogo vidogo vinaweza kupotea. Majaribio mengine ya maabara yameona watu wanameza taarifa za uongo kirahisi baada ya kusogeza macho, mengine hayakuona hivyo, wataalamu bado wanabishana.

Ukisoma habari za tiba hii angalia walipima nini, nafuu au usahihi. Kumbukumbu mpya ikija linganisha na picha za zamani, kadi za hospitali, ndugu aliyekuwepo. Na mtaalamu akisema lazima kuna kitu umesahau, muulize amejuaje.