Je, moyo kudunda ndio unaotufelisha mtihani?

Mwaka wangu wa pili chuoni niliingia kwenye UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ya takwimu nikiwa nimekunywa maji lita nzima na kuvuta pumzi hadi kizunguzungu. Niliamini adui ni moyo unaodunda. Ukitulia, majibu yatajileta. Moyo ulitulia kweli. Sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, nikaipata vilevile.

Kosa langu lilikuwa limeshasahihishwa tangu 1967. Wanasaikolojia wa Marekani, Robert Liebert na Larry Morris, waliigawa hofu ya mtihani mafungu mawili. La kwanza ni la mwili: moyo kwenda mbio, viganja kulowa jasho, tumbo kuvurugika. La pili ni la kichwani: nikifeli je, wenzangu wameshageuza ukurasa, nyumbani nitasema nini. Tafiti zilizofuata zikaona kwamba linaloandamana zaidi na alama mbovu ni hilo la pili. Fungu la mwili hupanda pale karatasi zinapogawiwa, kisha hushuka mtu akishaanza kuandika. Kumbe nilihangaika kumfukuza mgeni aliyekuwa anaondoka mwenyewe! Nasi tunaodhani asiyetetemeka ndiye aliyeiva tumekosea pia: wapo wakavu usoni ambao kichwani mwao kuna mkutano wa hadhara.

Wasiwasi unaharibuje, basi? Fikiria benchi la mama ntilie lenye nafasi nne. Hiyo nne sikuiokota tu: mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alikadiria kwamba akili hushikilia takriban vitu vinne kwa wakati mmoja. Swali la takwimu huja na wateja wake: jumla uliyoipata, idadi ya kugawanyia, hatua inayofuata. Mara anatokea "nikidisko je?", yaani nikiondolewa chuo kwa kufeli. Anakaa, haagizi, hanyanyuki. Mteja mwenye njaa anasimama kidogo, anaondoka; ndiyo ile jumla unayoikokotoa mara tatu na bado inakuponyoka. Ubwabwa upo, maharage yapo, mama ntilie ni mzima. Kilichokosekana ni pa kukaa. Ndiyo maana hesabu za hatua nyingi huumia kuliko maswali ya kutaja tu, na huenda ndiyo sababu jibu hukujia ukiwa kituoni unasubiri daladala.

Benchi halichagui mkaaji. Boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, wasiwasi wa kodi ya chumba hukaa palepale, na huo hauondolewi kwa kuambiwa "tulia".

Hapa lazima nipunguze mwendo. Asiyesoma naye huwa na wasiwasi, tena wa haki, kwa hiyo si rahisi kujua kilichotangulia. Dawa nazo zinayumba. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walitangaza kwamba kuandika hofu zako dakika kumi kabla ya mtihani huinua alama. Watafiti wengine waliporudia jaribio hilo, matokeo yao yakachapishwa 2018, faida haikuonekana. Jeremy Jamieson na wenzake, 2010, waliwaambia wanafunzi kwamba mwili kuchemka kunaweza kuwasaidia, nao wakafanya vizuri zaidi kwenye hesabu. Ila waliopimwa walikuwa wachache.

Sapu yenyewe niliifaulu moyo ukipiga kama ngoma ya mdundiko. Lakini safari hiyo nilikuwa nimefanya mitihani ya miaka mitano iliyopita, badala ya kukesha na madesa (notisi) ya kuazima, kwa hiyo msinihesabu kama ushahidi.