Uso umeumbwa na haya: yanayosemwa juu ya picha za sura Lamu, na ukweli wake

Kwa miaka 12 nimekuwa nikipiga picha za sura hapa Lamu kwa ajili ya magazeti na majarida. Mhariri huwa na habari ya mtu fulani na anataka msomaji amwone mwenye habari hiyo uso kwa uso: mvuvi, muuguzi, fundi wa milango, karani wa kaunti, mwendesha kreni katika bandari mpya iliyopokea meli zake za kwanza Mei 2021. Picha hiyo haina kazi moja na ya harusi, ya pasipoti au ya tangazo. Imefungwa na habari, na habari ikiwa ya kweli, nayo haina budi kuwa ya kweli.

Kazi hii imezungukwa na maneno mengi. Mengine husemwa na wageni, mengine na sisi wenyewe barazani, na baadhi yake yanawaumiza watu.

“Wanawake wa Lamu hawataki kupigwa picha”

Hili ndilo nalisikia zaidi, hasa kwa mpiga picha aliyeshuka uwanja wa ndege wa Manda asubuhi na anayetaka kuondoka na picha zake jioni. Amemwelekezea lenzi bibi mmoja kule mtaa wa Langoni, bibi amevuta buibui akafunika uso, na palepale hukumu imetoka: dini yao inakataza.

Laiti angekaribishwa ndani. Katika nyumba nyingi za mji huu utatolewa albamu kabla ya chai kupoa. Utamwona mama mwenye nyumba alipokuwa msichana, nywele zimesukwa, wanja machoni, amekaa kwenye kiti cha studio na mkono umeegemea meza yenye maua ya plastiki. Pwani hii imejuana na studio muda mrefu. Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Mombasa, wapiga picha wa kivukoni Likoni walisimamisha vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na msafiri akapigwa picha kama aliyekwishafika mbali. Hapa kwetu Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, alikata sura za watu kwa mkasi na kuziunganisha na maua na vyombo, akatengeneza picha ambazo wataalamu kutoka ng’ambo walikuja kuzichunguza. Watu waliofanya haya hawawezi kuitwa watu wasiotaka picha.

Kinacholindwa ni nani ataiona. Albamu ile hutolewa kwa mgeni mwanamke, na akiingia mwanamume asiye mahram, yaani asiye ndugu wa karibu asiyeweza kumwoa, hufungwa. Katika sherehe ya kupamba, bibi arusi huonekana kwa uzuri wake wote mbele ya mamia ya wanawake, lakini simu zinaachwa mlangoni, na anayepiga picha ni mwanamke anayeaminika. Shangazi yangu hunieleza kwamba enzi za filamu swali la kwanza lilikuwa: nani atakayezisafisha? Picha iliyopita mikononi mwa kijana wa dukani ilikuwa imekwisha kuonekana. Stara ni ya picha kama ilivyo ya mwili.

Ukilifahamu hilo, kazi inabadilika. Kwa mwanamke sianzi na kamera. Namtuma dada yangu, au naenda naye, tunakaa, na ninaeleza picha itatoka wapi na itakaa muda gani. Wapo wanaokubali uso, na wapo wanaokubali mikono tu, yenye hina na sindano ya kofia. Picha ya mikono ya mtu ni picha yake. Nasema hivyo bila kusita kwa mhariri yeyote anayeiona pungufu. Mwalimu mmoja aliniambia: “Gazetini sawa, mwanangu, lakini si mtandaoni.” Nilijua jarida lile huweka kila ukurasa mtandaoni siku linapotoka. Nikamwambia hivyo, tukanywa kahawa, nikarudi bila picha.

“Sura ya Lamu ni mzee mwenye mikunjo, kofia kichwani, jahazi nyuma yake”

Wazee wetu wapo na nyuso zao ni nzuri. Lakini kila jarida likimtaka yeye tu, mji unageuka kabati la makumbusho. UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa kuwa ni mji ambao watu bado wanauishi. Kaunti hii ina Waamu, Wabajuni, Waaweri, Waorma, Wasomali, Wagiriama, na wakulima wa Mpeketoni ambao wazazi wao walitoka bara. Ina wakata boriti wa mikoko na ina wahasibu. Anayesema anapiga picha za watu wa kila tabaka, kisha akaleta wavuvi 9 na punda mmoja, amepiga tabaka moja.

Mimi mwenyewe nimeanguka hapa. Mwaka wangu wa pili nilitumwa kumpiga picha fundi mchonga milango. Nilifika karakana yake nikamkuta amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, saa mkononi, miwani mipya. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Nikamwomba avue shati, avue na miwani, ashike patasi kama kawaida. Alinitazama kidogo, akavua. Picha ilisifiwa. Baadaye mwanawe aliniambia kwamba baba hakumwonyesha mtu jarida lile, kwa sababu alitolewa kama mtu aliyekutwa uchi nyumbani kwake. Uso umeumbwa na haya, na mimi niliichukua haya ya mzee wa watu nikaiita uasilia. Nilirudi kumwomba radhi. Nikampiga tena, na shati lake.

Wengi huamini kwamba mtu akijipamba au akijipanga, picha inakuwa ya uongo, na kwamba ukweli hupatikana kwa kumvizia. Mtazame Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Wateja wake walichagua nguo, wakaazima saa, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa, na kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Leo picha hizo ni ushahidi mkubwa wa jinsi watu wa mji ule walivyojiona miaka michache kabla ya uhuru. Namna mtu anavyotaka kuonekana ni habari, na pengine ndiyo habari yenyewe.

Tena kukusanya sura za watu wote si mchezo mdogo. August Sander alizunguka Ujerumani akiwapiga picha waokaji mikate, wakulima, mawakili, wasanii na wasio na kazi, kila mmoja amesimama wima akiitazama kamera kwa heshima ileile. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1929. Mwaka 1936 utawala wa Hitler ukaharibu mabamba ya kukichapia, maana Wajerumani wa Sander hawakufanana na taifa la mashujaa lililokuwa likihubiriwa.

“Ngozi nyeusi haipigiki bila flashi”

Ngozi nyeusi inapigika vizuri sana. Tatizo ni kwamba kipima mwanga kilicho ndani ya kamera hukisia kila kitu kuwa kijivu cha katikati. Mama mwenye buibui akijaza picha, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na uso wake unatoka umepauka kama aliyemwagiwa unga. Mzee mwenye kanzu nyeupe, kinyume chake: kamera inapunguza mwanga, kanzu inapendeza, uso unazama. Dawa ni kupima usoni, siyo kwenye nguo, kisha kuangalia kanzu isiungue.

Zaidi ya hapo kuna historia. Kwa miaka mingi Kodak ilizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, nayo ikajulikana kama kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Miongoni mwa malalamiko yaliyoifanya kampuni iboreshe filamu kwa rangi za kahawia ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Nikifikiria albamu za shangazi zangu, ambazo ndani yake nyuso zimekuwa vivuli vyenye meno, nasikitika kila mara. Kosa halikuwa la ngozi zao. Na simu ya leo inayomng’arisha mtu bila kuulizwa imelirudisha kosa lilelile kwa mlango wa nyuma. Mimi huzima kitu hicho kabla ya kazi yoyote, kwa sababu picha ya gazetini haibadilishi rangi ya mtu.

Mwanga wenyewe tunao bure. Lamu iko nyuzi 2 hivi kusini mwa ikweta, na katikati ya Machi, tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri hupita juu ya utosi. Ukimsimamisha mtu Mkunguni mbele ya ngome saa ile, macho yake yanakuwa mashimo mawili. Mwingize hatua 20 kichochoroni. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na nyingi zimepakwa chokaa. Jua linaupiga ukuta wa juu, linarudi kwenye ukuta wa pili, na linapofika chini limelainika. Mkalishe kwenye baraza ya daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, ageukie penye uwazi. Mashavu meusi hushika mwanga huo kama mpingo uliopakwa mafuta. Studio za pesa nyingi hujitahidi kuuiga.

“Kamera kubwa ndiyo picha”

Hapana. Kosa ninaloliona kila siku ni la umbali. Ukimsogelea mtu hadi nusu mita na simu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Rudi mita mbili, tumia lenzi ya simu inayovuta, na sura itarejea kuwa yake. Hilo halina gharama.

“Yuko njiani, kwa hiyo ruhusa si lazima”

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Kwa mtoto, ruhusa ni ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini za mamilioni ya shilingi, ikiwamo kwa shule iliyotumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria imeacha nafasi kwa uandishi wa habari wenye maslahi kwa umma, na ni sawa iwe hivyo. Ila mtu anayekaa mbele yako nusu saa akakupa uso wake hayumo katika mlango huo. Muulize. “Sabalkheri, bwana” haijawahi kumnyima mtu picha nzuri.

“Picha ikiwa nzuri, maelezo ya nini?”

Machi 1936 huko California, Dorothea Lange alimpiga picha mama aliyekaa hemani na watoto wake. Hakumuuliza jina. Picha ikaenea duniani kote kama sura ya umaskini wa Marekani, na mama yule akaishi zaidi ya miaka 40 bila watu kujua ni nani. Mwaka 1978 ndipo alipojitokeza: Florence Owens Thompson, mwenye asili ya Wacherokee, jambo ambalo picha haikulisema. Alisema hakupata hata senti na kwamba afadhali asingepigwa.

Na hapa kwetu ni picha ngapi zimetoka zikiwa na maneno “mzee wa Lamu” au “mwanamke wa Kiswahili”, kana kwamba mzee huyo hakuitwa jina siku ya saba?

Jina nalo lina namna yake ya kukosewa. Nahodha mmoja wa Matondoni nilimpelekea jarida lenye picha yake ukurasa mzima, amesimama pembeni ya jahazi alilolijenga na nduguze. Aliitazama sana, akafurahi, kisha akasoma chini. Jina la baba yake lilikuwa na herufi moja isiyo yake. Mimi ndiye niliyeliandika hivyo. Hakusema kitu. Aliukata ukurasa, akalifuta jina kwa kalamu, akaliandika sawasawa juu yake, ndipo akautundika ukutani. Sasa nina daftari mfukoni, na kabla sijafungua kamera namkabidhi mwenye sura aandike jina lake kwa mkono wake, na la baba yake.