Soda haina mafuta, ila ini lina kiwanda

"Chapati nimeacha, nakunywa soda tu. Mafuta yatoke wapi?" Yatoke kwenye ini lako. Sukari ikizidi mahitaji, seli za ini huivunja hadi vipande vya kaboni 2, kisha kimeng'enya kimoja kikubwa (protini inayoharakisha kazi za kikemia) huviunga kimoja baada ya kingine. Mizunguko 7 tu, na tayari kuna asidi ya palmitiki, asidi ya mafuta yenye kaboni 16, ileile iliyojaa kwenye mawese. Uungaji huu hufanyika kwenye saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, ndizo huchoma mafuta. Kweli, kwa mlo wa kawaida kiasi kinachotengenezwa ni kidogo, mafuta mengi ya mwilini ni yale tuliyokula. Lakini chupa tatu za soda kila siku? Insulini hupanda, na fruktozi, nusu ya sukari ile, sehemu kubwa huishia inini.