Safari ya elimu ya juu ya Waaborijini wa Australia: maana ya dhana

Wataalamu wa elimu nchini Australia wanapozungumzia safari ya mwanafunzi Mwaborijini, yaani wa jamii za wenyeji asilia wa nchi hiyo, kuelekea chuo kikuu na ndani yake, hukusudia mambo yote yanayomfikisha mtu hadi udahili, yanayomwezesha kubaki chuoni mpaka ahitimu, na yanayomtoa kwa muda kisha kumrudisha. Hilo la mwisho husahaulika mara nyingi, ilhali ndilo kiini cha dhana yenyewe, kwa kuwa wengi wa wanafunzi hawa hawapiti njia iliyonyooka ya kumaliza sekondari, kufaulu mtihani na kuanza shahada mwaka unaofuata.

Chanzo chake ni historia, tena ya karibuni. Katika jimbo la New South Wales, mwalimu mkuu aliweza kumwondoa shuleni mtoto wa Kiaborijini endapo wazazi wazungu wangelalamika, na maelekezo hayo yalibaki katika mwongozo wa walimu hadi mwaka 1972. Kwa miongo mingi watoto wengine walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao na kulelewa katika taasisi za serikali na za makanisa, ambako wengi walitayarishwa kwa kazi za ndani na za mashambani tu. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Chuo Kikuu cha Melbourne kilianzishwa mwaka 1853, lakini Mwaborijini wa kwanza kuhitimu katika chuo kikuu nchini humo, Margaret Williams-Weir, alipata stashahada yake ya elimu ya viungo hapo mwaka 1959. Waliofungiwa milango ya shule katika miaka hiyo ndio bibi na babu wa wanafunzi wa leo, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi huwa wa kwanza katika familia zao kufika chuoni.

Charles Perkins, aliyezaliwa Alice Springs mwaka 1936, anaionyesha safari hii vizuri kuliko maelezo marefu. Alipelekwa utotoni kwenye bweni la wavulana mjini Adelaide, akajifunza ufundi wa mitambo, akacheza kandanda Uingereza na baadaye Australia, na akiwa mtu mzima ndipo alipojisomea hadi akapata sifa za kuingia Chuo Kikuu cha Sydney. Aliendelea kucheza mpira ili ajikimu. Mwaka 1965 aliongoza wanafunzi wenzake kwa basi hadi miji ya Walgett na Moree kupinga ubaguzi, na mwaka uliofuata alihitimu shahada yake, akiwa na umri wa miaka 29.

Hadi leo wanafunzi Waaborijini kwa wastani huanza chuo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenzao, na wengi wao ni wanawake, baadhi wakiwa tayari na watoto. Kwao mlango mkubwa ni kozi ya maandalizi, ambayo humfundisha mtu kuandika insha ya kitaaluma, hesabu na namna ya kutumia maktaba kabla ya shahada yenyewe. Mji wa Adelaide ulitangulia katika kazi hii mwaka 1973 kwa mpango maalumu wa kuwasaidia wanafunzi Waaborijini, na sasa vyuo vingi vina vituo vyao vya kuwalea. Kwa upande wa fedha, posho ya serikali ijulikanayo kama ABSTUDY ilianza mwaka 1969, na tangu mwaka 2024 mwombaji Mwaborijini anayekubaliwa katika kozi nyingi za shahada ya kwanza hupata nafasi inayogharimiwa kwa sehemu na serikali, awe anaishi mjini au kijijini.

Hata hivyo, kuingia si kumaliza. Takriban nusu ya wanafunzi hawa huwa wamehitimu baada ya miaka tisa, wakati kwa wanafunzi wengine ni zaidi ya saba katika kila kumi. Ni kosa kulisoma pengo hilo kama upungufu wa akili au wa bidii. Anapofariki ndugu, shughuli za msiba huweza kuchukua majuma, na kutokuwepo ni aibu kubwa. Lakini fomu ya kuomba ruhusa inaweza kutambua mzazi na ndugu wa tumbo moja peke yao, ilhali katika jamii nyingi za Kiaborijini dada wa mama ni mama. Msomaji aliyelelewa na mama mkubwa atauona ugumu huo bila kuelezwa zaidi.

Kwa sababu hiyo upo mtindo wa kusoma ukiwa nyumbani, ambapo mwanafunzi hubaki na familia yake, huenda chuoni kwa vipindi vifupi vya masomo mfululizo, na kugharimiwa nauli, chakula na malazi, kisha hurudi na kazi za kufanya. Mtindo huu ni mzuri kuliko kumng'oa mtu kwao kwa miaka mitatu, hasa mama anayelea watoto katika kijiji kilicho mamia ya kilomita kutoka chuo. Na anayelazimika kuahirisha mhula kwa sababu ya msiba au mtoto mgonjwa hastahili kuandikwa kuwa ameshindwa, maana wengi huanza tena baada ya miaka kadhaa, pengine katika chuo kingine, na vipimo vinavyohesabu miaka minne tu huwaacha nje ya hesabu.