Bekari nzuri Kisumu: uliza saa, usitazame jengo

Mtu akihamia Kisumu, swali la nyumba na la maji hulimaliza wiki ya kwanza. Swali la mkate na keki humchukua miezi. Huanza na ule mkate wa duka la jirani, kisha mtu wa kazini humwelekeza mahali fulani mjini, anafika anakuta kipande kikavu cha juzi, na tangu siku hiyo anaamini kwamba huu ni mji wa samaki na ugali tu. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi na yananiuma, kwa sababu vitu vizuri vipo. Tunavikosa kwa kuongozwa na dhana ambazo hakuna aliyewahi kukaa akazipima.

"Keki nzuri ziko Milimani na kwenye majumba makubwa ya maduka."

Kodi ya jengo, hata la mtaa wa kifahari kama Milimani, haiingii kwenye unga. Kitu cha bekari huharibiwa kwanza na umri, na umri wake unategemea mambo mawili: kilitoka ovenini saa ngapi, na kinakaa kwenye rafu muda gani kabla ya kununuliwa. Bekari ndogo ya Kondele iliyo karibu na steji, inayouzia watu wanaoshuka kwenye matatu, inaweza kuwa imemaliza trei zake zote kabla ya saa tatu asubuhi. Duka lenye vioo na taa za rangi lakini lisilo na wateja litakuuzia cha juzi, hata mwokaji wake awe fundi namna gani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la saa. "Dada, hizi skonzi zimetoka saa ngapi?" Anayeokea hapo hapo atakujibu bila kufikiri: "Hizo ni za saa kumi na moja alfajiri, lakini ukipita jioni utapata zingine." Anayekujibu "ni freshi tu, customer" mara nyingi ameletewa vitu na gari kutoka kwingine. Si kosa, ila ujue unanunua nini. Ukishapata jibu la saa, rudi saa hiyo. Nimewahi kuidharau bekari moja ya Manyatta kwa mwaka mzima kwa sababu nilikuwa nikipita saa mbili usiku. Siku niliyopita alfajiri nikiwahi basi, nilikutana na skonzi ambazo mpaka leo ndizo nawanunulia wageni.

Ni kwa sababu hiyo hiyo sivutiwi na rafu yenye aina thelathini za vitu. Duka dogo haliwezi kuoka aina thelathini kila siku, na zingine lazima ziwe za jana. Rafu iliyobaki nusu tupu saa tano asubuhi ni habari njema kuliko rafu iliyojaa.

"Mkate ukiwa moto ndio bora."

Hii ndiyo dhana ninayoipigania zaidi, kwa sababu hata wapenzi wa mkate wanayo. Mkate unapotoka ovenini haujamaliza kuiva. Wanga wake bado haujakaza na mvuke unaendelea kusafiri kutoka katikati kwenda kwenye ganda. Ukiukata wakati huo kisu kinavuta, slesi zinashikana, na ndani unakuta kama uji ulioganda. Uache upoe saa moja au mbili ndipo ladha itulie. Harufu inayotuvuta barabarani ni ya ganda, na harufu hiyo inatudanganya kuhusu kilicho ndani.

Kibaya zaidi ni kuufunga ungali moto. Mwaka jana nilinunua mikate miwili katika bekari fulani, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki mbele yangu na kufungwa kabisa, nami nikafurahia joto lake mapajani hadi nyumbani. Kesho yake ndani ya mfuko mlikuwa na matone ya maji. Siku ya tatu ukungu wa kijani ulikuwa umeanza pembeni. Hapa mchana joto hufika nyuzi 30 na hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo ukungu hauhitaji kubembelezwa. Bekari inayojali huacha mikate ipoe kwenye waya kabla ya kuikata na kuifunga, na ukiomba wa moto itakupa kwenye karatasi ya kaki. (Mandazi ya kufungiwa gazeti nayo tuyaache. Wino wa gazeti haukutengenezwa uliwe, na mafuta ya moto huubandua.)

Joto hilo hilo huharakisha hamira. Unga uliokandwa Nakuru, mji wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari na wenye asubuhi za baridi, hauumuki kwa kasi ya hapa kwetu, ambapo tuko kwenye mita 1,130 hivi kando ya ziwa. Mwokaji wa Kisumu asiyepunguza hamira au asiyekandia maji baridi huzidiwa na saa, na mkate wake hutoka na matundu makubwa, ukinuka pombe kwa mbali. Wateja husifu harufu hiyo wakisema hamira imekolea. Ukweli ni kwamba unga umelala kupita kiasi.

Ukifika nyumbani, usiuweke mkate kwenye friji ukidhani unautunza. Baridi ya friji huchelewesha ukungu, hilo ni kweli, lakini huharakisha wanga kukaza, hivyo mkate huchakaa upesi kuliko ungekuwa mezani. Wa kuliwa kesho ukae mezani umefunikwa. Wa wiki ijayo ukatwe slesi uingie kwenye friza, kisha kila slesi ipashwe moto moja kwa moja kutoka humo.

Wengine huubonyeza mkate dukani na kusema ni mpya kwa kuwa ni laini. Ulaini unaweza kutoka kwenye mafuta na viungo vya kulainisha vilivyotiwa kiwandani. Soma tarehe.

"Mkate wa kahawia ndio wa afya."

Rangi si ushahidi. Kwenye karatasi ya mkate, viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia. Ukiona unga wa ngano wa kawaida mbele, pumba zimefuata nyuma kabisa, halafu kuna karameli ya kutia rangi, huo ni mkate mweupe uliopakwa rangi. Unga mweupe wa pakiti nchini, tangu 2012, sheria inataka uongezwe madini ya chuma, zinki na vitamini, kwa hiyo nao si wa kutupwa. Kinachokosekana ni nyuzinyuzi, na hizo haziletwi na karameli.

Ukiwa hapo kwenye karatasi, tafuta pia alama ya KEBS, shirika la viwango nchini. Chini yake kuna nambari ya kibali. Andika SM# na nambari hiyo, utume kwa 20023, utaambiwa kibali ni cha nani na kama bado kinafanya kazi. Ni dakika moja tu.

"Picha za keki zinatosha kunionyesha mwokaji mzuri."

Siku hizi waokaji wengi hodari wa Kisumu hawana duka. Wanaokea nyumbani Nyalenda, Mamboleo au Lolwe, wanapokea oda kwa WhatsApp na boda boda inaleta. Wapo wanaowakwepa kwa kukosa duka, na wapo wanaowaamini kwa picha tu. Wote wanakosea. Picha inaonyesha mapambo, na inaweza kuwa ya keki ya mtu mwingine. Mwombe picha ya keki iliyokatwa, uone ndani. Bora zaidi, nunua kwanza vikeki vichache kabla ya kuagiza kilo tatu za harusi. Uliza pia cheti cha afya cha washika chakula, kile kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita. Mwokaji wa nyumbani anatakiwa kuwa nacho sawa na wa dukani, na aliye nacho hakasiriki kuulizwa.

Halafu kuna suala la kilo. Keki zetu huuzwa kwa uzito, na watu hulinganisha bei ya kilo kana kwamba kilo zote zinafanana. Fondanti, lile vazi laini linalokunjwa kama kitambaa, ni sukari tupu, nayo ni nzito. Kilo mbili za keki iliyovikwa fondanti zina keki pungufu kuliko kilo mbili za keki iliyopakwa krimu. Mimi huagiza fondanti kwa umbo tu, mtoto akitaka gari au mpira.

Krimu nayo ina hesabu yake. Siagi halisi hulegea kabisa joto likipita nyuzi 30, na hapa hiyo ni adhuhuri ya kawaida. (Nasema siagi halisi kwa sababu tumezoea kuita siagi hata margarini ya kopo, na ukiuliza "umeweka siagi?" utaambiwa ndiyo kwa moyo mweupe. Uliza ilitoka kwa maziwa au kwa mafuta ya mimea.) Keki ya krimu ya maziwa isikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, kwa hiyo kabla ya kununua black forest, ile keki ya chokoleti na krimu, uliza duka linafanyaje stima ikipotea. Kwa sherehe ya uwanjani Dunga saa nane mchana, keki ya ndizi au ya ndimu isiyo na krimu haitakuaibisha.

"Vitamu si vya huku, ni vya Mombasa na vya wazungu."

Hapa ndipo historia yetu wenyewe inapotupita. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Vibarua wengi wa Kihindi walioijenga walirudi kwao, lakini wafanyabiashara walifuata njia hiyo ya chuma, mmoja wao akiwa Allidina Visram, ambaye maduka yake yalienea hadi Uganda. Pamoja na vitambaa na chumvi walikuja na mapishi. Ndiyo maana hadi leo mjini unaweza kununua jalebi, ladu za unga wa dengu, na barfi ya maziwa yaliyochemshwa hadi yakawa mazito. Huku nako kanuni ya saa inafanya kazi: barfi ya maziwa huliwa ndani ya siku chache, na wakati mzuri wa kuinunua ni siku za kuelekea Diwali, Oktoba au Novemba, maana wakati huo sinia halipati nafasi ya kukaa.

Na sisi wenyewe tumelala juu ya utamu. Tambarare kati ya hapa na Muhoroni ni mashamba ya miwa, sukari nguru inauzwa sokoni Kibuye, na viazi vitamu vya Kabondo vinashuka kila siku. Viazi hivyo vikipondwa na kukandwa na unga wa ngano hutoa mandazi ya rangi ya dhahabu, laini hadi kesho yake, na hayahitaji sukari nyingi. Nilipoyala mara ya kwanza kwa mama mmoja wa Kibuye niliuliza ametia mayai mangapi. "Hakuna yai hapo, ni rabuon tu," akanijibu, yaani kiazi kitamu kwa Kijaluo.

Na kabla hujasafiri hadi Pwani kutafuta kaimati, nenda Kaloleni mwezi wa Ramadhani. Waislamu wa mtaa ule wamekuwa hapa vizazi kwa vizazi. Baada ya alasiri karai zinatoka nje, mahamri ya tui na iliki yanapangwa, mkate wa sinia unakatwa kama keki, na kaimati zinageuzwa kwenye shira zikiwa bado zinalia. Nenda na chombo chako chenye kifuniko. Ukichelewa hadi adhana ya magharibi utakuta sinia zinaoshwa.