Kutembea Karura na Mbwa Wakati wa Kiangazi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Machi, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na za masika hazijaanza, udongo mwekundu wa Msitu wa Karura hukauka ukawa vumbi, na wakazi wa Nairobi wanaofuga mbwa huanza kuonekana kwenye mageti yake tangu saa kumi na mbili asubuhi. Karura ni miongoni mwa mahali pachache jijini ambapo mtu anaweza kutembea kutwa nzima na mbwa wake chini ya miti na bado akakutana na wanyama wa porini. Pengine ndiyo maana pamezungukwa na maneno mengi yasiyo na msingi, ambayo watu hurithishana kana kwamba ni kanuni. Mengi ya maneno hayo yamejengwa juu ya wazo moja, kwamba mbwa ndiye mlinzi na mwenye mbwa ndiye anayelindwa. Msituni mambo ni kinyume: anayepaswa kulinda ni yule aliyeshika kamba.

"Karura ni bustani tu, hakuna wanyama wa maana"

Kwa kuwa msitu huu uko ndani ya jiji, umezungushiwa ua wa umeme, na njia zake zimejaa wakimbiaji na waendesha baiskeli, wengi huuona kama uwanja mkubwa wa mapumziko. Ukweli ni kwamba Karura una zaidi ya hekta elfu moja, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na usingekuwapo kwa ukubwa huu leo kama si upinzani wa miaka ya 1990 dhidi ya unyakuzi wa ardhi, ambao ulimfanya Wangari Maathai apigwe na kujeruhiwa mwezi Januari 1999 alipokwenda kupanda mti. Ndani yake wanaishi funo, paa, pongo, nguruwe mwitu, nyegere na kima, pamoja na mbega, ambao walirejeshwa kuanzia mwaka 2014 kutoka eneo la Kipipiri. Juu ya miti hukaa hondohondo na tai mwenye kishungi, ndege mwenye nguvu za kutosha kumnyakua kima.

Anayerudi nyumbani akilalamika kwamba hakuona kitu kwa kawaida amesahau mambo mawili. Kwanza, wakazi wengi wa msitu huo, wakiwamo komba, kanu, fungo na nungunungu, huamka jua likishazama na geti likishafungwa. Pili, alikuwa na mbwa.

"Mbwa wangu ana adabu, hamdhuru mnyama yeyote"

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, na ndiyo iliyo ngumu kuiondoa, kwa sababu mara nyingi sehemu yake ya kwanza ni kweli. Mbwa anaweza kuwa mpole, mtiifu na asiyejua hata kuua panya. Hata hivyo, funo aliyelala kichakani hana njia ya kujua malezi ya mbwa huyo. Anachokijua ni harufu, na harufu ya mbwa kwake ni ya mnyama mla nyama aliye karibu. Huacha kula, husimama akisikiliza, kisha hukimbia, na katika kiangazi, wakati majani mabichi yamepungua na maji yamebaki mitoni tu, kila mbio humgharimu nguvu ambazo hakuwa na ziada yake. Wanyama wa jamii ya swala wana udhaifu mwingine usiofahamika sana, yaani wanaweza kufa saa au siku kadhaa baada ya kukimbizwa, ijapokuwa hawakuguswa na jino hata moja, kwa sababu misuli huharibika kutokana na hofu na jitihada ya ghafla. Mwenye mbwa atakuwa keshafika nyumbani akisimulia jinsi mbwa wake alivyocheza vizuri.

Wengine hujibu kwamba wao hutumia kamba, basi lawama haiwahusu. Ni kweli kwamba kamba ni lazima Karura, na ni kweli kwamba hupunguza madhara kwa kiasi kikubwa, lakini haiyaondoi. Utafiti uliofanywa katika misitu iliyo karibu na Sydney, Australia, na kuchapishwa mwaka 2007, uliwapitisha mbwa waliofungwa kamba kwenye njia za msituni na kuhesabu ndege baadaye. Aina za ndege zilizoonekana zilipungua kwa asilimia 35, na idadi yao kwa asilimia 41, ikilinganishwa na njia ambazo hazikupitiwa na mtu wala mbwa, na upungufu huo ulikuwa mkubwa kuliko ule uliosababishwa na watu waliotembea bila mbwa. Zaidi ya hayo, matokeo hayakutofautiana baina ya njia zilizozoea mbwa na zile ambazo mbwa walikuwa wamekatazwa, jambo linalodhoofisha dai la kwamba wanyama wa porini "wamezoea". Kwa maoni yangu, hii si hoja ya kuwafukuza mbwa Karura. Ni hoja ya kubaki kwenye njia zilizowekwa, kufupisha kamba karibu na mito na vichaka, na kutoshangaa ikiwa wasio na mbwa watasimulia mengi zaidi.

"Mbwa atanikinga na mnyama mkali"

Anayeamini hivi afikirie kwanza jinsi mbwa anavyofanya. Akikutana na nguruwe mwitu, mbwa aliyefunguliwa humbwekea, humkaribia na kumchokoza, na nguruwe anapogeuka na meno yake, mbwa hukimbilia kwa mtu anayemwamini kuliko wote duniani. Hivyo anamletea bwana wake mnyama aliyekasirika ambaye pengine angejiondokea kimya. Katika misitu ya nyanda za juu, kama ile ya Aberdare na Mlima Kenya, mnyama huyo anaweza kuwa nyati. Naye chui, anayeishi pembezoni mwa makazi ya watu katika sehemu nyingi za Kenya, humhesabu mbwa kuwa chakula, tena chakula kisicho na pembe.

"Kukataza mbwa katika mbuga za taifa ni ukali usio na sababu"

Mtu aliyezoea kuingia Karura, unaosimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, huenda akashangaa kurudishwa kwenye geti la mbuga ya taifa iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Wengi hudhani marufuku hiyo inatokana na hofu ya kwamba mbwa ataliwa. Sababu nzito zaidi ni maradhi, nayo imeandikwa kwa vifo. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaofahamika kwa kila mfugaji wa mbwa, uliwapata simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, wapatao elfu moja, ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Virusi vilivyopatikana vilifanana sana na vile vya mbwa wa kufugwa, ingawa uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wanyama wengine wa porini pia huviendeleza. Miaka michache kabla ya hapo, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika mfumo huohuo wa Serengeti na Mara, na kichaa cha mbwa kimetajwa miongoni mwa sababu. Huko Ethiopia, mbweha mwekundu wa milima ya Bale, ambaye ni miongoni mwa wanyama adimu zaidi wa jamii ya mbwa duniani, ameshambuliwa na kichaa hicho zaidi ya mara moja, kikitoka kwa mbwa wa wafugaji.

Kwa hiyo kadi ya chanjo ina kazi mbili: humlinda mbwa, na huwalinda wale asiowaona. Hata kinyesi kinahusika. Wapo wanaokiacha kando ya njia wakisema ni mbolea kama ya ng'ombe, ilhali kinyesi cha mla nyama hubeba mayai ya minyoo na virusi kama vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua mbwa, ambavyo hudumu ardhini kwa miezi. Kiokotwe, kifungwe ndani ya mfuko, kitoke nje ya msitu.

"Nairobi haina joto la kumdhuru mbwa"

Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na joto la mchana mwezi Februari kwa kawaida huwa chini ya nyuzi 30. Mtu wa Mombasa angeliita hilo baridi. Lakini mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu, kwani tezi zake za jasho ziko kwenye nyayo na hazitoshi kumpoza. Tegemeo lake ni kuhema, na kuhema hakufui dafu ikiwa misuli inatengeneza joto kwa kasi kuliko mapafu yanavyoliondoa. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, na likishapita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika.

Kinachodhaniwa kuwa hatari kuu ni mbwa kuachwa ndani ya gari, na ni kweli kwamba huko ni kuweka maisha yake rehani. Hata hivyo, watafiti waliopitia kumbukumbu za kliniki za mbwa zaidi ya laki tisa nchini Uingereza, za mwaka 2016, waligundua kwamba karibu robo tatu ya visa vya kiharusi cha joto vilitokana na mazoezi, ilhali vya kwenye gari vilikuwa asilimia 5 hivi. Ikiwa jambo hilo hutokea Uingereza, hatuna haki ya kulipuuza huku Ikweta. Mbwa wenye pua fupi, wanene na wazee ndio walio hatarini zaidi, lakini hata mbwa wa kienyeji, ambaye husemekana "hana shida na jua", huwa hana shida kwa sababu akiachiwa uhuru hulala kivulini saa sita mchana. Akifungwa kamba na kukimbizwa kilomita kumi, hana uhuru huo, na wengi wa mbwa hawatasimama maadamu bwana wao anaendelea mbele.

Dalili za kuangalia ni kuhema kusikokoma hata baada ya kupumzika, ulimi na ufizi kuwa mwekundu sana, mate mazito, kuyumba na kutapika. Hapo ndipo inapojitokeza dhana nyingine, inayorudiwa hata na watu wenye uzoefu, kwamba maji baridi yatamshtua mbwa na kumuua, na kwamba afunikwe taulo lenye unyevu. Taulo likikaa mwilini hupata joto na kuzuia hewa. Ushauri wa sasa wa madaktari wa mifugo ni kumpoza kwanza, kisha kumsafirisha: mbwa mwenye afya amwagiwe au kuzamishwa katika maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake, kichwa kikiwa juu, na mbwa mzee au mgonjwa amwagiwe maji huku akipepewa. Maji ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani, kwa maana mito inayopita Karura hupitia kwanza kwenye makazi ya watu.

Nyoka, kima na kupe

Kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hatoroki anaposikia nyayo kama nyoka wengi wafanyavyo, bali hutegemea rangi yake na kutulia, ndiyo maana pua ya mbwa anayenusanusa majani makavu humfikia kabla ya jicho la mtu. Jiwe jeusi la nyoka, ambalo katika Afrika Mashariki bado huuzwa na kubandikwa kwenye jeraha, halifyonzi sumu. Kuchanja jeraha kwa wembe na kufunga kamba kwa nguvu juu yake huongeza madhara. Mbwa aliyeumwa na nyoka abebwe, asitembezwe, afikishwe kwa daktari.

Kumlisha kima ndizi si huruma, kwa kuwa kima aliyezoea mkono wa mtu huunyang'anya, na akimkuta mbwa kati yake na chakula, wote wawili wataumia. Anayeumwa na kima, au na mbwa asiyemjua, asipake pilipili wala chumvi. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani dalili zikishaanza ugonjwa huo hauna dawa. Na hautokani na jua kali wala njaa, kama inavyodaiwa kila kiangazi, bali na virusi vinavyopita kwenye mate.

Kupe naye hachomwi kwa kiberiti wala kupakwa mafuta ya taa, ambayo humfanya ateme zaidi kilicho tumboni mwake. Hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu bila kupinda. Mahali pa kutafuta ni ndani ya masikio, kwapani, chini ya ukosi na kati ya vidole. Homa ya kupe inaweza kuchelewa wiki moja hadi tatu, wakati ambapo matembezi yamekwisha sahaulika. Mbwa akikataa chakula, ufizi wake ukiwa mweupe na mkojo wake ukiwa na rangi ya kahawa, jambo la kwanza la kumwambia daktari ni tarehe aliyoingia msituni.