Kabla ya pembe na mabawa, mnyama wako anakunywa wapi?

Kazi yangu ni kubuni viumbe wa katuni na gemu. Mteja analeta hadithi, mimi natoa mnyama ambaye hajawahi kuwepo. Vijana wengi hapa Dar wananitumia michoro yao wakitaka maoni, na mikono yao mizuri kwa kweli: manyoya yamechorwa unyoya kwa unyoya, macho yanang'aa. Shida ni mnyama mwenyewe. Kichwa cha simba, mabawa ya tai, mkia wa nyoka, pembe za kongoni. Ukiuliza anaishi wapi unajibiwa "msituni". Msitu upi? Hapo hakuna jibu.

Mimi swali langu la kwanza ni hili: anakunywa wapi? Chakula unaweza kukibabaisha, ukasema anakula matunda ya mti fulani wa ajabu, ikapita. Maji hayababaishiki. Ukishajua yanatoka wapi umeshajua ardhi, msimu, saa za kutembea na adui anayemvizia pale pale kwenye maji. Nusu ya mwili wake imeshajichora.

Nitaeleza kwa kutumia spishi niliyo nayo mezani sasa. Nimempa jina la chubwi. Makazi yake yote yako hapa hapa: msitu wa Pugu, mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi, vichochoro vya Kariakoo na kisiwa cha Bongoyo. Mahali pane, aina nne, spishi moja. Au tuseme spishi moja kwa sasa, maana hapo pana mjadala nitakaoufikia.

Spishi yenye aina nyingi inahitaji kitu kimoja kisichoguswa. Twiga ana mifupa saba ya shingo, na wewe unayesoma unayo saba. Ramani ni ile ile, kilichobadilika ni vipimo. Kwa chubwi kisichoguswa ni vidole vitatu kila mguu, mkia mfupi mnene, na kifuko cha ngozi chini ya koo ambamo dume hubeba mayai hadi yaanguliwe. Kifuko hicho sikukitoa hewani. Chile kuna chura mdogo ambaye dume hulea viluwiluwi ndani ya kifuko chake cha sauti, na kwa samaki aina ya furu wa Ziwa Victoria, mama hubeba mayai mdomoni. Maumbile yameshalijaribu jambo hili, tena zaidi ya mara moja.

Sasa, kila sifa ina bei yake, na hapa ndipo wabunifu wengi wanapokwepa. Kifuko cha chubwi lazima kiwe na unyevu muda wote. Kikikauka, mayai yamekwenda. Halafu kifuko hicho hicho ndicho anachokijaza hewa anapoita jike. Dume mwenye mayai hana sauti. Masharti hayo mawili, unyevu na ukimya, ndiyo yaliyonichorea mnyama mzima. Mimi nilifuata tu.

Wa Pugu ndiye wa asili. Ana ukubwa wa paka, rangi ya majani makavu, anakula mchwa, na anapata unyevu kwenye umande na madimbwi ya msituni. Anazaa masika, kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo mwezi Aprili, wakati vyura wanapiga kelele kila upande, madume wa chubwi kimya. Mwandishi wa hadithi ya chubwi alifurahi sana, kwa sababu mhusika wake anaweza kujua msimu kwa kusikiliza sauti isiyokuwepo. Zaidi ya hapo sina mengi kuhusu Pugu; mnyama anayeishi raha hafundishi mbunifu kitu.

Mikokoni mambo yanabadilika. Maji yapo tele ila yana chumvi, na chumvi ikiingia kwenye kifuko itayafyonza mayai maji. Miti yenyewe imeshalitatua tatizo hilo: chuma jani la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, siku ya jua, ulirambe, utaonja punje za chumvi ambazo mti umezitoa kupitia majani. Kasa naye ana tezi karibu na macho zinazotoa chumvi, ndiyo maana akipanda ufukweni kutaga huonekana kama analia. Nikampa chubwi wa mikokoni tezi za namna hiyo kwenye pua. Faida yake kwa mchoraji ni kubwa: ukingo mweupe wa chumvi iliyoganda puani. Kwa alama hiyo moja mtazamaji anajua huyu ni wa pwani, hahitaji maelezo.

Miguu yake bado nagombana nayo. Chini ya mchu kumejaa mizizi iliyosimama kama penseli kwenye tope. Mguu mpana wenye utando ungemfaa topeni, lakini utando utachanika kwenye mizizi. Ninaelekea kwenye vidole virefu vinavyotanuka anapokanyaga na kujikunja anaponyanyua. Na saa yake si ya jua. Bamvua ikifika, yaani siku za maji makubwa, bahari ya Dar hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo huyu hutoka yanapokupwa, iwe saa sita mchana au usiku wa manane. Wakati wa maji mafu, bahari isipopanda wala kushuka sana, hula karibu na shina lake, haendi mbali.

Kariakoo ndiko nilikokaa zaidi, na sijutii. Pita vichochoro vya nyuma ya maghorofa, jirani na Mtaa wa Kongo, utazame juu. Viyoyozi vimepangana ghorofa hadi ghorofa, kila kimoja na kibomba chake cha plastiki kinachodondosha tone baada ya tone, na pale matone yanapopitia ukuta umeota utando wa kijani. Chini mtu ameweka dumu lililokatwa mdomo, anakinga ya kupigia deki. Kwa hewa ya Dar ilivyo na unyevu, kiyoyozi kimoja kinaweza kutoa lita kadhaa kwa siku. Hicho ni kijito. Kimetundikwa ukutani, lakini ni kijito.

Basi chubwi wa mjini anaishi nyuma ya viyoyozi. Maji hayo yanatokana na mvuke wa hewani, hayana madini, kwa hiyo akiyategemea peke yake mifupa itamdhoofika. Dawa yake ni kulamba plasta na chokaa. Nikamchorea ulimi mgumu wenye vinundu, na kwenye mandhari ya nyuma nikaweka kuta zenye michirizi iliyolambwa, ili mtazamaji amwone chubwi kabla chubwi hajatokea. Adui yake ni kunguru wa India, ndege aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ameshika jiji lote. Kunguru ni wa mchana, tena mjanja, kwa hiyo chubwi wa mjini hutoka wakishalala. Sauti yake ni nyembamba. Ndege wa miji ya Ulaya wamepimwa wakaonekana wanaimba kwa sauti za juu kuliko wenzao wa msituni, kwa sababu mngurumo wa magari humeza sauti nzito. Na Kariakoo kuna majenereta na vipaza sauti vya wauza nguo juu ya hayo magari.

Lililonishangaza mwenyewe ni la msimu. Viyoyozi hudondosha sana wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto linapotesa watu. Kipupwe kikiingia vingi huzimwa na vibomba hukauka. Kwa hiyo chubwi wa mjini anazaa kaskazi, wakati wa Pugu anasubiri masika. Wa mjini anapokuwa kimya na mayai kooni, wa msituni bado anaita. Wa msituni anaponyamaza, wa mjini ameshamaliza zamani. Waweke sehemu moja, hawatazaliana kwa urahisi, ingawa hakuna mlima wala bahari kati yao. Wanabiolojia wanaifahamu njia hii ya spishi kugawanyika: tofauti ya majira peke yake inatosha kuanzisha safari. Na umeme ukikatika kutwa nzima mwezi wa Februari, dume mwenye mayai ana saa chache tu za kupata unyevu kwingine. Mwandishi hakuhitaji jitu baya tena, hadithi ilishapata tatizo lake.

Hapo ndipo mjadala wa spishi moja au nne unapoingia. Tanzania ina mifano mizuri kuliko mahali pengi. Vinyonga wa Usambara, Uluguru na Udzungwa wametofautiana kwa sababu kati ya mlima na mlima kuna tambarare kavu ambayo kinyonga wa msitu wa baridi haivuki. Kwa chubwi, Pugu na mikoko havijatengana kiasi hicho. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, na mafuriko ya masika hubeba wachanga hadi Jangwani na chini zaidi. Mto haubebi mtu kurudi juu, kwa hiyo damu ya Pugu inashuka mikokoni kila mwaka, ya mikokoni haipandi. Ndiyo maana wa mikokoni nimembadilisha kidogo tu: pua, miguu, ratiba.

Bongoyo ni kisa kingine. Miaka 20,000 hivi iliyopita, wakati wa enzi ya barafu, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Bongoyo, hata Unguja, zilikuwa bara. Maji yalipopanda, waliokuwa kule wakabaki kule. Pemba ni tofauti, mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine duniani. Mteja aliwahi kuniomba chubwi wa Pemba. Nilimwambia huyo angekuwa mnyama mwingine kabisa, na malipo mengine.

Kisiwani hakuna mto. Kuna mwamba wa matumbawe wenye vishimo vinavyoshika maji ya mvua kwa muda mfupi. Kwa hiyo dume wa Bongoyo ana kifuko chenye mdomo mwembamba unaofungika, mayai machache makubwa, na watoto wanaotoka wakiwa wameshakamilika. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko kule Udzungwa, huzaa vichura vilivyokamilika bila kupitia kiluwiluwi majini, kwa hiyo wazo hili halina uchawi. Nimemfanya wa Bongoyo awe mkubwa kuliko wote, kama mbwa wa kienyeji, kwa sababu mwili mkubwa hupoteza maji taratibu zaidi ukilinganisha na uzito wake.

Ukubwa nao una hesabu. Ukimrefusha mnyama mara mbili kila upande, uzito unaongezeka mara nane, lakini eneo la mfupa unaoubeba, ukiukata katikati, linaongezeka mara nne tu. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na kusimamishwa Berlin kwa kimo cha mita 13 hivi, ana miguu ya nguzo kwa sababu hiyo. Chubwi wa Bongoyo hawezi kuwa wa Pugu aliyekuzwa kwenye kompyuta. Miguu imenenepa, imenyooka, na mwendo umekuwa wa polepole. Wanaotaka mabawa nawaambia wamtazame tandawala wa Serengeti, mmoja wa ndege wazito kabisa wanaoruka: dume mkubwa hufika kilo 18 hivi, na kuruka kwenyewe kunamtoa jasho.

Rangi huja mwisho. Mteja alitaka bluu, tena bluu kali, kwa sababu vikaragosi vya bluu vinauzika. Mwili wa bluu ungemfichua chubwi kwenye majani makavu ya Pugu na kwenye matumbawe ya kijivu vile vile. Tukakubaliana bluu ikae ndani ya mikunjo ya kifuko, inaonekana dume anapokijaza hewa kuita, na wakati ana mayai imefichwa.